Gari Linajivuta Ukipiga Stata Asubuhi: Pima Kwanza, Betri Utanunua Baadaye

Saa kumi na mbili asubuhi unageuza ufunguo, injini inajivuta: nyoo… nyoo… nyoo… kisha inawaka kwa shida au inakata kabisa. Jirani anayefagia uwanja ameshatoa hukumu kabla hujafungua boneti: "Hiyo betri imekufa, kachukue mpya." Mara nyingine jirani yuko sahihi. Lakini yapo magari mengi Dar es Salaam yaliyofungwa betri mpya na baada ya wiki chache yakarudia uvivu uleule, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na bodi na injini), kwenye kichwa cha betri kilichokazwa kwa msumari, au kwenye alternata (mashine inayochaji betri injini ikiwa imewaka) inayonyonya umeme usiku kucha.

Betri hulaumiwa kuliko inavyostahili. Yenyewe ndiyo inayoonekana, na dukani ndiyo inayouzwa. Kujua mkosaji halisi kunahitaji mita ya kawaida ya digitali na nusu saa ya subira.

Kwanza tuiondoe baridi kwenye orodha ya watuhumiwa. Maelezo mengi ya magari yameandikwa kwa ajili ya nchi za theluji, ambako betri hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake na oili huwa nzito kama asali. Hapa, hata asubuhi za Julai na Agosti, joto huwa karibu nyuzi 18 hadi 20, na katika hali hiyo betri nzima inatoa karibu nguvu zake zote. Kwa hiyo gari likijivuta asubuhi Dar, sababu haiwezi kuwa hali ya hewa ya siku hiyo. Kuna kitu kimechoka, kimelegea au kinavuja. Adui wa betri za pwani ni joto: jua la Januari na Februari, injini inayochemka kwenye foleni ya Mandela bila upepo kuingia chini ya boneti. Joto hukausha maji ya betri na kuharakisha kutu kwenye sahani za risasi zilizo ndani. Betri huumia wakati wa joto, halafu hukuaibisha asubuhi.

Sikiliza linalalamika vipi

Kabla ya kushika chombo chochote, tofautisha dalili, maana watu huziita zote "gari haiwaki".

Injini inazunguka haraka kama kawaida lakini haishiki: hilo si tatizo la stata wala betri. Angalia mafuta, plagi, na kwa dizeli plagi za kupasha moto. Kununua betri hapo ni kutupa pesa.

Unasikia "klik" moja nzito, injini haizunguki: mara nyingi ni shaba za mguso ndani ya solenoidi ya stata (swichi nzito inayopitisha umeme kwenda kwenye mota yake) zimekwisha. Ukisikia klik-klik-klik nyingi za harakaharaka, umeme haufiki wa kutosha: betri iko chini au kichwa cha betri kimelegea.

Injini inajivuta asubuhi, lakini mchana baada ya kutembea inapiga vizuri: umeme unapungua usiku, au betri haihifadhi tena.

Injini inapiga vizuri asubuhi ila inajivuta ikiwa ya moto: elekeza macho kwenye stata yenyewe, waya wa ethi, au injini iliyotoka kufanyiwa ovahoo na bado imebana.

Wenye Prius, Aqua na haibridi nyingine za Toyota za aina hiyo, haya hayawahusu sana. Betri yao ndogo ya volti 12 haizungushi injini. Kazi yake ni kuamsha kompyuta, na ikishuka gari halikubali hata kuingia kwenye "READY".

Jaribio la taa, lisilohitaji mita

Washa taa kubwa gari likiwa limeelekea ukutani, kisha mtu apige stata huku wewe ukitazama mwanga. Taa zikififia sana na injini ikajivuta, ama betri haina nguvu, ama kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi, yaani stata mbovu au injini nzito. Taa zikibaki na mwanga mzuri huku injini inajivuta, betri inao umeme lakini haufiki kwenye stata, au stata inaupokea na kushindwa kuutumia. Taa zikizimika kabisa na kurudi ukiachia ufunguo, shika vichwa vya betri. Mara nyingi kimoja kitazunguka mkononi.

Jaribio hili halitoi namba, lakini linakuambia uanzie wapi, na linafanyika hata ukiwa umekwama kwenye maegesho ya Kariakoo.

Namba ya asubuhi

Jioni, gari likiwa limelala ndani ya geti, fungua boneti uiachie kwenye komeo la pili ili asubuhi usihitaji kufungua mlango. Ukifungua mlango, taa ya ndani na kompyuta vinaamka na namba yako inaharibika. Asubuhi, kabla ya kugusa rimoti, weka mita kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, ukigusa vichwa vya risasi vyenyewe na si vibano vya waya.

Volti 12.6 au zaidi kidogo ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo, na kwenye 11.9 kushuka chini hesabu kwamba haina kitu. Wengi hudanganywa hapa: wanaona "12" kwenye mita wanadhani ni nzima, kwa sababu betri inaitwa ya volti 12. Betri inayosoma 12.0 imeisha.

Usipime mara baada ya kuzima gari. Betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti za juujuu zisizo za kweli. Kama huna usiku wa kusubiri, washa taa kubwa dakika 2 injini ikiwa imezimwa, zima, subiri dakika 5 ndipo upime.

Namba ya wakati wa kupiga

Sasa acha mita palepale kwenye vichwa vya betri na mtu apige stata sekunde 5. Injini isiwake wakati wa kupima: kwenye magari ya petroli chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta) au relei ya pampu ya mafuta. Dizeli za zamani, chomoa waya wa solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu. Giaboksi ya otomatiki iwe kwenye P. Ya mkono iwe huru, na mguu kwenye klachi. Usipige zaidi ya sekunde 10 mfululizo, na ipumzishe stata angalau dakika moja kabla ya kurudia. Stata imetengenezwa kwa kazi nzito ya muda mfupi, ikilazimishwa inaungua.

Kwa joto la Dar, gari zima la petroli kwa kawaida hubaki kati ya volti 10 na 11 wakati linapiga. Mpaka wa chini ni 9.6. Namba hii ukiilinganisha na ile ya asubuhi, tayari umejua upande wa kwenda:

Asubuhi ilikuwa chini ya 12.4: usihukumu chochote bado. Chaji betri kwanza hadi ijae, kisha rudia. Kupima betri yenye njaa hakumtendei haki mtu yeyote.

Asubuhi ilikuwa 12.6, wakati wa kupiga ikaporomoka chini ya 9.6: betri imepoteza uwezo, au stata inavuta kupita kiasi.

Asubuhi ilikuwa 12.6, wakati wa kupiga ikabaki 11 na zaidi, na bado injini inajivuta: achana na betri. Umeme unazuiwa njiani, au stata imechoka kwa ndani.

Hali hii ya tatu ndiyo inayowagharimu watu, kwa sababu betri mpya huwa na nguvu ya ziada kidogo na kuficha ugonjwa kwa muda.

Umeme unapotea wapi njiani

Stata ya gari dogo la petroli la cc 1300 hadi 1500 huvuta kama ampea 100 hadi 150 inapozungusha injini. Dizeli ya Hiace au Hilux huweza kuvuka 300. Kwa mikondo mikubwa namna hiyo, kikwazo kidogo kabisa kinatosha kuharibu kazi. Chukua kutu kwenye kichwa cha betri yenye ukinzani wa ohmu 0.01 tu. Zidisha kwa ampea 150: zimepotea volti 1.5 mahali pamoja, kabla umeme haujafika popote. Stata iliyopaswa kupata volti 10.5 inapata 9.

Ndiyo maana kupima waya wa stata kwa ohmu hakusaidii. Mita ya kawaida haiwezi kuona sehemu moja ya mia ya ohmu; itakuambia waya ni mzima, na hata waya uliobakiwa na nyuzi tano za shaba utasoma "mzima". Waya upimwe ukiwa kazini, kwa kutafuta volti zinazopotea juu yake wakati wa kupiga stata.

Anza na upande wa chanya. Ncha nyekundu iweke kwenye kichwa cha chanya cha betri, nyeusi kwenye nati kubwa ya stata ambako waya mnene kutoka betri unafungwa. Piga stata. Mita isizidi kama volti 0.3. Kisha sogeza ncha nyeusi kwenye nati ya pili ya stata, ile inayotoka kwenye solenoidi kuingia kwenye mota. Hapo jumla isizidi 0.5. Kama nati ya kwanza ilisoma vizuri na ya pili imeruka hadi volti 1 au zaidi, shaba za ndani ya solenoidi zimeungua. Angalia ncha ya mita isiguse bodi wakati iko kwenye nati ya stata. Ile nati ina umeme wa betri muda wote na haina fyuzi.

Upande wa hasi: ncha nyeusi kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyekundu kwenye chuma kitupu cha mwili wa stata au bloku ya injini. Piga. Isizidi volti 0.2, au 0.3 tukiwa wapole. Ukipata 0.8 au 1, ethi ni mbovu.

Ukishajua upande, gawanya njia vipandevipande: kutoka kichwa cha betri hadi kibano chake, kutoka kibano hadi mwisho wa waya, kutoka mwisho wa waya hadi chuma. Kiungo chochote kimoja kinachosoma zaidi ya 0.1 kifunguliwe, kisuguliwe na kukazwa upya.

Kama huna mita, ipo njia ya mkato kwa upande wa ethi. Chukua waya wa kubustia, funga upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma safi cha injini. Piga stata. Injini ikizunguka kwa nguvu ghafla, mgonjwa umempata.

Ethi ni tatizo kubwa pwani kuliko bara. Hewa ya chumvi ya Kigamboni, Msasani na Kunduchi hula ncha za nyaya, na magari yaliyopita kwenye maji ya Jangwani wakati wa masika hubaki na unyevu kwenye viungo vya chini. Sababu nyingine ni ya binadamu: giaboksi ikishushwa gereji, waya wa ethi unaofungwa kwenye bolti yake husahaulika, au hurudishwa juu ya rangi na grisi. Gari litawaka, kwa sababu umeme utajitafutia njia nyingine kupitia nyaya za gia, za klachi au za mafuta. Ukipiga stata kwa muda kisha ukagusa waya wa klachi au wa gia ukakuta ni wa moto, usitafute zaidi. Tafuta ethi iliyokosekana.

Na kama gari limefungwa swichi ya siri ya kukata umeme kwenye waya mkuu, ipime nayo kama kiungo. Zile nyembamba za bei rahisi hupoteza nusu volti zikiwa mpya.

Vichwa vya betri, na ule msumari

Fungua kwa spana namba 10, hasi kwanza, na wakati wa kufunga hasi iwe ya mwisho. Sababu ni rahisi: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, unatengeneza shoti ya mamia ya ampea mkononi mwako.

Unga mweupe au wa kijani-bluu unaoota kwenye vichwa ni mazao ya asidi na chuma. Futa kwa maji ya uvuguvugu yaliyokorogwa na kijiko cha magadi. Yatatoa povu asidi inapouawa. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa, maana magadi yakiingia ndani yanaiharibu betri yenyewe. Suuza, kausha, halafu sugua kichwa na ndani ya kibano kwa msasa mpaka risasi ing'ae. Maji ya moto peke yake, ambayo wengi humwagia, huondoa unga unaoonekana na kuacha ngozi nyeusi ya oksaidi katikati ya kichwa na kibano, mahali penyewe umeme unapopita. Grisi au vaselini pakaa baada ya kukaza.

Kuhusu msumari. Magari mengi ya Japani huja na betri yenye vichwa vyembamba, na betri inayopatikana dukani mara nyingine ina vinene, au kinyume chake. Kibano kinene kikivaa kichwa chembamba kinacheza, na fundi hujaza nafasi kwa kipande cha bati, msumari au karatasi ya sigara yenye fedha. Inashika siku hiyo. Baada ya mitikiso ya barabara za mitaani mguso unabaki mstari mmoja mwembamba, na kila asubuhi stata inapata umeme kupitia msumari. Dawa yake ni pete ya risasi ya kuvalisha kichwa, ambayo haigharimu sana, au kubadilisha kibano. Ukinunua betri, soma namba ya Kijapani: 46B24L ina vichwa vyembamba, 46B24LS vinene. Herufi L na R huonyesha chanya na hasi zimekaa upande upi. Linganisha na ya zamani kabla ya kulipa, maana zikikaa kinyume nyaya hazitafika.

Mwizi wa usiku

Rudi kwenye namba ya asubuhi. Ikiwa jioni, baada ya gari kukaa limezimwa kwa saa mbili, betri ilisoma 12.6 na asubuhi inasoma 12.2, umeme umekwenda mahali. Swali ni kama unavuja kwenye gari au ndani ya betri.

Jibu lake halihitaji utaalamu: siku inayofuata, baada ya gari kuchaji vizuri, legeza hasi ya betri na uiache imetoka usiku kucha. Asubuhi pima. Volti zikibaki juu, gari ndilo mwizi. Zikishuka hata bila kuunganishwa na chochote, betri inajila yenyewe na haina tiba. Ukiondoa hasi redio na vioo vya umeme huenda vikahitaji kupangwa upya, na injini inaweza kutetemeka kidogo ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta) kwa siku ya kwanza.

Kama mwizi ni gari, weka mita kwenye ampea, soketi ya 10 A, katikati ya kichwa cha hasi na kibano chake kilichofunguliwa. Funga milango yote, subiri dakika 30 kompyuta zilale. Miliampea 20 hadi 50 ni kawaida. Ukiona 300, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka namba ianguke. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa imeunganishwa hivyo, utaunguza fyuzi ya ndani ya mita.

Hesabu ya miliampea 300 inaonekana ndogo mpaka uizidishe. Kwa saa 12 ni ampea-saa 3.6. Gari likilala kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, saa 60, zimeondoka 18, na betri ndogo ya NS40 ina kama ampea-saa 35 tu ikiwa mpya. Hapo ndipo gari linalowaka vizuri katikati ya wiki hugoma kila Jumatatu.

Washukiwa wa kawaida mjini: alamu na traka vilivyounganishwa kwa kuchubua waya wowote uliokuwa karibu, redio mpya ambayo waya wake wa kumbukumbu na wa swichi vimefungwa pamoja, taa ya buti isiyozimika, na diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) mbovu ndani ya alternata. Huyu wa mwisho hana fyuzi ndogo ya kuchomoa, hivyo watu humkosa. Chomoa waya mnene wa nyuma ya alternata, hasi ya betri ikiwa imetoka, ufunge kwa gundi ya umeme usiguse chuma, kisha rudisha mita. Mkondo ukishuka, umemkamata.

Alternata inarudisha ulichotumia?

Watu husema safari fupi huua betri kwa sababu ya kupiga stata mara nyingi. Hesabu haikubali. Ampea 150 kwa sekunde 2 ni chini ya ampea-saa 0.1, alternata nzima huirudisha ndani ya dakika chache. Kinachoua ni betri kukaa nusu tupu siku baada ya siku: mvujo wa usiku, halafu foleni ya Mbagala ambamo injini inaunguruma taratibu, kiyoyozi, feni na taa vinafanya kazi, na alternata kwa mzunguko huo mdogo hutoa sehemu tu ya uwezo wake. Betri inayoishi chini ya 12.4 huota salfeti ngumu kwenye sahani, na ikishaota hairudi.

Pima kwenye betri, injini imewaka: volti 13.8 hadi 14.7. Washa taa kubwa, kiyoyozi na feni ya kioo, pima tena. Ibaki juu ya 13.5. Magari mapya kiasi hupunguza chaji yenyewe ili kubana mafuta, kwa hiyo ukiona 12.9 bila taa usikimbilie hukumu, pima taa zikiwa zimewaka. Kisha geuza mita iwe volti za AC, palepale kwenye betri. Zaidi ya 0.5 maana yake diodi imekufa. Mkanda unaopiga kelele asubuhi dakika ya kwanza ukazwe au ubadilishwe kabla ya kulaumu alternata.

Kuijua betri iliyokufa kweli

Ichaji taratibu, kwa kama asilimia 10 ya ukubwa wake: betri ya ampea-saa 40, ampea 4, usiku mzima, mahali penye hewa na pasipo moto, maana inatoa haidrojeni. Kama ina vifuniko, vaa miwani, hakikisha maji yamefunika sahani au yamefika alama ya juu, na kuongezea tumia maji yaliyochujwa ya betri tu. Asidi haiongezwi, kinachokauka kwa joto ni maji, asidi inabaki ndani. Iache saa kadhaa, kisha pima.

Betri yenye vifuniko ipime kwa haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya betri: 1.265 hadi 1.28 ni iliyojaa, 1.19 ni nusu. La muhimu zaidi ni tofauti kati ya seli. Tano zikisoma 1.26 na moja 1.18, seli hiyo imekwisha na betri nzima imekwenda nayo. Isiyo na vifuniko ipeleke duka lenye mashine ndogo ya kupimia, lakini baada ya kuichaji. Mashine hiyo ikipewa betri tupu itasema "badilisha" hata kwa betri nzima, na muuzaji hatabishana nayo.

Ukinunua, tazama tarehe iliyogongwa, si udhamini tu. Na kama gari lina mfumo wa kuzima injini kwenye taa za barabarani, betri ya asili huandikwa M-42, N-55 au Q-85. Ukiweka ya kawaida itafanya kazi, ila itachoka mapema, hasa usipouzima mfumo huo kwa swichi yake kila unapowasha gari.

Stata yenyewe

Nyaya zimepita mtihani, betri imepita, injini bado inajivuta: stata ishuke. Ukiwa na mita ya kubana inayopima DC, zungushia waya wa stata wakati wa kupiga. Mkondo mdogo kuliko kawaida na mwendo wa polepole ni kaboni zilizokwisha (vipande vinavyoingiza umeme kwenye sehemu inayozunguka) au kamyuteta chafu (shaba ambazo kaboni huzigusa). Mkondo mkubwa na mwendo wa polepole ni bushi zilizolika mpaka amecha, ile sehemu inayozunguka, inasugua kuta, au koili yenye shoti ndani.

Kumwambia fundi rewaya "nitengenezee stata" ni kumpa hundi tupu. Mwambie ulichopima, na mwombe akuonyeshe kaboni: zikiwa chini ya nusu ya urefu wa mpya, zibadilishwe zote pamoja. Shaba za solenoidi na bushi zifanywe humohumo, gharama ya kushusha ni ileile. Kabla ya kurudishwa garini, izungushwe mezani kwa betri iliyojaa. Stata nyingi za Toyota zenye gia ndani hazipaswi kuvuka ampea 90 zikizunguka bila mzigo.

Kugonga stata kwa nyundo huamsha kaboni zilizokwama, na kwa siku moja kunaweza kukufikisha nyumbani. Lakini stata nyingi ndogo za sasa zina sumaku za kudumu za kauri zilizogundishwa ukutani. Zinapasuka, na vipande vinasaga amecha.

Injini nzito

Oili ya 20W-50 kwenye injini iliyoandikiwa 5W-30 huongeza uzito kidogo asubuhi. Kwa joto letu haitoshi peke yake kuizuia stata nzima. Mara chache kosa ni beringi ya alternata au kompresa ya kiyoyozi iliyoganda: toa mkanda, piga stata sekunde 2, na kama injini inaruka, zungusha puli moja moja kwa mkono.

Kuna sauti moja ya kuiogopa. Injini inazunguka nusu mzunguko halafu inakita "tak!" na kusimama papo hapo, hasa asubuhi baada ya kupita kwenye maji, au gari linalopunguza maji ya rejeta bila kuvuja chini. Hapo kuna maji kwenye silinda, yameingia kupitia njia ya hewa au hedi gasketi, na maji hayabanwi. Ukiendelea kulazimisha, au ukilisukuma liwake kwa gia, konrodi, mkono unaoshika pistoni, inapinda. Toa plagi zote, chomoa fyuzi ya EFI na soketi za koili, funika matundu kwa kitambaa, piga stata kidogo na uangalie kitambaa kimelowa nini. Kwenye dizeli, ambako nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo zaidi, usipige hata mara ya pili. Zitolewe nozeli au plagi za kupasha moto kwanza, na gari liende gereji kwa kuvutwa.